Mwili Unakuja Lini? Mkono kwa Mkono Hadi Nyumbani

Kwenye misiba ya huku kwetu Moshi, tarehe ya mazishi hupangwa mapema. Simu ikiingia Jumapili kwamba kijana wetu amefariki Texas au Birmingham, Jumatatu jioni wazee wameshakaa, mwenyekiti wa kamati ameshachaguliwa, na mtu ameshaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Tunatarajia kumpumzisha mpendwa wetu Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani Kibosho." Turubai linalipiwa kianzio. Jumamosi inafika, mwili bado uko kwenye jokofu nchi ya watu, na pale kikaoni hakuna anayeweza kueleza kwa nini.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo mara kadhaa, mara mbili nikiwa katibu, na nimesikia lawama zikitupwa kila upande: kwa ubalozi, kwa mke aliyeko huko, kwa shirika la ndege, kwa ndugu ambao hawajachanga. Pesa ni tatizo kweli, sitalipunguza. Lakini kinachochelewesha zaidi ni kitu ambacho kikaoni hakitajwi. Kati ya kitanda alichofia mtu na kaburi kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake, mwili hukabidhiwa mara saba au nane, na kila mara lazima awepo anayetoa, awepo anayepokea, na iwepo karatasi katikati yao. Akikosekana mmoja, hakuna kinachosogea. Kwa mgonjwa anayerudishwa akiwa hai ni vilevile, na yeye hali yake hubadilika kila saa.

Tuanze na anayetoa. Hospitali ya Ulaya au Marekani haikabidhi mwili kwa ukoo. Inamtambua ndugu wa karibu kwa mujibu wa sheria zao, au mtu aliyetajwa kwenye wosia, na mara nyingi huyo ndugu ni mke au mume. Asipokuwepo ndipo wanatazamwa watoto waliofikia umri, kisha wazazi. Baba mkubwa wa Machame, ambaye kwa mila yetu ndiye msemaji wa familia, hayumo kwenye orodha hiyo.

Kuna kikao tuliweka simu katikati ya meza, spika imefunguliwa. Shemeji yetu alikuwa upande wa pili, na kwake ilikuwa usiku wa manane.

"Shikamoo baba," alisema.

"Marahaba mwanangu. Sikiliza, sisi ndio wenye mtoto. Waambie wamtoe, tutatuma mtu wa kumfuata."

"Nimewaambia, baba. Wanasema saini ni ya kwangu peke yangu. Na nikishasaini, gharama zote zinakuwa deni langu."

Hakuna aliyezungumza kwa muda. Siku tano zilikuwa zimepita tukidhani dada yule anatuficha jambo, kumbe alikuwa anaogopa deni ambalo angebaki nalo peke yake sisi tukishazika. Kamati ilipomwandikia barua kwamba fedha zitatumwa moja kwa moja kwa kampuni ya mazishi, na ikamtumia risiti ya kwanza, alisaini siku ileile.

Kenya waliwahi kufikishana mahakamani kwa jambo la namna hii. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mwili wake ukakaa zaidi ya miezi mitano huku mjane na ukoo wa Umira Kager wakishindana juu ya mahali pa kumzika. Mahakama ikaupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Familia za huku huikumbuka kesi ile kama kwamba ni sheria ya dunia nzima. Usitegemee mahakama ya Manchester ipime mila kwa mizani hiyo. Mtu wa kwanza kupigiwa, kabla hata ya kuchagua mweka hazina, awe yule mwenye saini. Na apigiwe kupewa pole, si kuulizwa mwili unakuja lini.

Baada ya saini kuna swali la sababu ya kifo. Mtu aliyekufa wodini kwa ugonjwa unaojulikana hupata hati za daktari haraka. Kifo cha ajali, cha ghafla, cha kujiua au kinachotiliwa shaka huingia mikononi mwa wachunguzi. England na Wales, mwili hautolewi nje ya nchi bila koroner, yaani ofisa anayechunguza vifo, kuarifiwa. Marekani kazi hiyo hufanywa na mamlaka za kila eneo kwa taratibu zake. Uchunguzi unaweza kuchukua siku mbili, unaweza kuchukua wiki kadhaa, na ubalozi wetu hauna mamlaka ya kuuharakisha. Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa 1963, Ibara ya 37, unaitaka nchi alikofia mgeni kuiarifu ofisi ya ubalozi wake bila kuchelewa, na Ibara ya 5 inataja kusaidia raia kama kazi ya maofisa wa konseli. Neno ni kusaidia. Kulipa hakumo, na serikali nyingi, ya Marekani na ya Uingereza zikiwemo, haziwalipii raia wao gharama za kurudisha miili. Kwa hiyo anayekaa kusubiri serikali igharamie anapoteza siku ambazo angezitumia kupata barua ya ubalozi, na hiyo ndiyo inayohitajika.

Mwili ukishatolewa na hospitali, unapokelewa na kampuni ya mazishi. Hapo ndipo dawa inapotiwa: fomalini huingizwa kupitia mishipa ya damu ili mwili usiharibike njiani. Kisha unawekwa kwenye jeneza lenye ndani ya bati la zinki linalofungwa kwa risasi ya kulehemu lisipitishe hewa wala maji, au kwenye kasha jingine lililozibwa hivyohivyo. Utaratibu huu una umri. Mapatano ya Berlin ya 1937 yaliweka wazo la pasi ya maiti, hati moja yenye jina, umri, mahali, tarehe na sababu ya kifo, ili mwili uvuke mipaka bila kuzuiwa, na nchi za Ulaya zikayafanyia marekebisho kwa mkataba wa Strasbourg wa 1973. Kwetu karatasi zinazodaiwa zinafanana na hizo: cheti cha kifo, hati ya kutiwa dawa, barua ya daktari kwamba marehemu hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza wa hatari, pasi ya kusafiria ya marehemu, na kibali cha ubalozi cha kuuingiza mwili nchini. Kama marehemu alikuwa amechukua uraia wa nchi nyingine, jambo hilo lisemwe mapema. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na nimeona familia ikihangaika kutafuta pasi ya Tanzania ambayo marehemu aliirudisha miaka mingi nyuma. Kuzikwa nyumbani bado kunawezekana, ila karatasi zinaanzia dirisha lingine.

Ndugu zetu Waislamu wana njia fupi zaidi, na ninaiheshimu. Katika fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na wengi wao huku, maiti huzikwa haraka na hapo alipofia, na kumhamishia mji mwingine hakupendezi, na kwa wanazuoni wengi ni haramu. Rafiki yangu wa Arusha alimzika kaka yake Muscat kwa njia ya simu, yeye akisimama sebuleni wakati kule wanaswali. Sisi Wachaga tunaona mtu hajafika mpaka alale chini ya migomba ya kwao, na gharama kubwa ya safari hii inatokana na imani hiyo. Siisemi kwa kuilaumu, hata mimi nataka hivyo. Lakini familia iliyobanwa iruhusiwe kuzika huko huko bila kusengenywa.

Kuhusu malipo, kabla ya kufungua daftari la michango ulizeni kama alikuwa na bima, kazini au chuoni. Bima nyingi za wanafunzi na wafanyakazi wa kigeni zina kifungu cha kurudisha mwili, na mara nyingi masharti yake ni kwamba kampuni ya bima iarifiwe kwanza na ndiyo ichague kampuni ya mazishi. Ukishalipa mwenyewe ndipo ukadai, unaweza kukataliwa. Kwa waliokwenda Ghuba, msome mkataba wa kazi. Ibara ya 40 ya Sheria ya Kazi ya Saudia inamtwika mwajiri gharama ya kuandaa mwili na kuurudisha alikotoka mfanyakazi. Wasichana wetu wa kazi za ndani wako chini ya kanuni zao tofauti, ndiyo maana nakala ya mkataba inapaswa kubaki nyumbani kwa mama yake, isikae kwenye simu iliyofia naye.

Sasa mgonjwa. Habari zake huzungumzwa kidogo, wakati kumrudisha ni kugumu kuliko kumrudisha marehemu.

Hewa ya ndani ya ndege ya abiria si ya usawa wa bahari. Huachwa ishuke hadi kufanana na ya mwinuko wa futi 8,000, karibu mita 2,400. Mtu wa Moshi anaweza kulipima hilo kwa macho. Geti la Marangu liko kwenye mita 1,870 hivi, na kambi ya Mandara mita 2,700. Kumpandisha ndege mgonjwa wa mapafu ni kumkalisha msituni katikati ya geti na Mandara kwa saa nane au kumi. Mwenye afya haoni tofauti. Mwenye nimonia, moyo uliochoka au upungufu mkubwa wa damu ataiona. Halafu hewa iliyonaswa mwilini hutanuka kwa karibu theluthi moja: kwenye kifua chenye pafu lililopasuka, kwenye utumbo uliotoka kushonwa, kwenye fuvu lililotoka kufanyiwa upasuaji. Hata hogo lililofungwa chini ya siku mbili hupasuliwa kwa urefu kabla ya safari, maana mguu ukivimba ndani yake damu haipiti.

Kwa sababu hizo shirika la ndege hudai fomu ya afya iliyojazwa na daktari anayemtibu, na daktari wa shirika ana haki ya kukataa. Mgonjwa anayeweza kukaa husafiri kwenye kiti, pengine na muuguzi pembeni. Asiyeweza kukaa huwekewa machela juu ya viti vilivyolazwa, na nafasi hiyo hula viti sita au zaidi ambavyo vyote hulipiwa. Aliye kwenye mashine ya kupumua anahitaji ndege ya wagonjwa, ambayo rubani anaweza kuifanya iwe na hewa inayokaribia ya usawa wa bahari kwa kuruka chini. Kutoka Ulaya hadi hapa hiyo ni makumi ya maelfu ya dola. Huduma kongwe ya namna hii upande wetu wa dunia ina asili yake chini ya mlima huu: madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipanga mradi wao wakiwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1956, na 1957 ikaanza Amref, ambayo ndege zake hadi leo huruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi.

Lakini ndege haimalizi kazi. Nilimpokea shangazi yangu KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ametoka nje akiwa amepooza upande mmoja, na muuguzi wa kule akatukabidhi na kurudi na ndege ya usiku. Hospitali tuliyoipigia ilikuwa imesema kwa simu, "Mleteni tu." Tulipofika saa nne usiku hapakuwa na kitanda cha uangalizi maalumu, na daktari wa zamu hakuwahi kusikia jina lake. Shangazi alibaki ndani ya gari la wagonjwa nje ya mlango wa dharura. Nilikaa chini karibu na mtungi wa oksijeni nikitazama mshale wa geji. Ulikuwa juu kidogo ya rangi nyekundu. Ulipoigusa rangi hiyo, dereva alishuka bila kuambiwa na kwenda kuazima mtungi kwa mwenzake. Hakumfahamu shangazi wala mimi. Kitanda kilipatikana karibu na alfajiri.

Tangu usiku ule, swali langu la kwanza kwa familia inayomleta mgonjwa ni hili: nani anampokea, kwa jina? Awe daktari mmoja, kitanda kimoja, barua moja yenye tarehe, kabla tiketi haijakatwa. Mgonjwa aje na muhtasari wa matibabu kwa Kiingereza, picha za vipimo kwenye diski, na dawa za siku kadhaa ili asikose dozi wakati huku wanatafuta jina mbadala la dawa hiyo.

Arusha imewahi kuona makabidhiano haya yakienda vizuri kwenye siku mbaya kabisa. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa watu 35. Watoto watatu walionusurika na majeraha makubwa walilazwa hospitali ya Mount Meru, na siku chache baadaye wakapelekwa KIA na kurushwa kwa ndege ya Samaritan's Purse hadi Marekani, kwenye hospitali ya Sioux City, Iowa. Walikwenda na mama zao, pamoja na daktari na muuguzi wa Kitanzania. Kila upande ulikuwa na mtu mwenye jina: daktari aliyeandika ripoti huku, hospitali iliyokubali kupokea kule, maofisa waliotengeneza pasi na viza ndani ya siku chache. Agosti 18 watoto hao walishuka tena KIA.

Wapanda mlima wa kigeni wana mkanganyiko wao. Bima hutofautisha kumwokoa mtu na kumrudisha. Kuokoa ni kumfikisha hospitali ya karibu yenye uwezo: kushushwa kwa machela ya gurudumu moja au kwa helikopta, Moshi, na ikibidi Nairobi. Kumrudisha kwao huja baadaye, akishatulia. Kampuni za utalii zisome pia ukomo wa mwinuko kwenye hati ya bima ya mgeni, maana zipo zinazoishia chini kabisa ya Uhuru, mita 5,895.

Wakati mwingine kinachokosekana ni uhakika kwamba huyu ndiye. Mwili ulioungua au uliokaa muda mrefu hautambuliwi kwa uso, unatambuliwa kwa alama za vidole, meno au vinasaba. Baada ya shambulio la Oktoba 7, 2023 nchini Israel, vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wakisomea kilimo huko hawakupatikana. Mmoja, wa mkoa wa Kilimanjaro, alitambuliwa na kuzikwa nyumbani Novemba ileile. Wa pili, wa Manyara, mwili wake ulishikiliwa Gaza hadi Novemba 2025. Wazazi wake waliishi miaka miwili na msiba usio na kaburi.

Old Moshi wana msiba wa namna hiyo wenye zaidi ya miaka 120. Mangi Meli, mtawala wao, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na familia inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu iliyonayo na jamaa walio hai Tanzania, likiwemo moja lililoandikwa "Akida", cheo cha mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, miaka 35 baada ya kutajwa kwenye Mkataba wa Versailles, kwa uamuzi wa gavana na bila vinasaba. Siku hizi ushahidi unadaiwa, na bado lazima ijulikane nani anapokea: serikali, makumbusho au ukoo.

Turudi KIA. Mwili haupiti mlango wa abiria, ingawa kila msiba kuna watu wanaokwenda kusimama pale na maua. Unafikia upande wa mizigo. Ajenti wa forodha anaingia na hati ya mzigo wa ndege, afisa afya wa uwanja anakagua karatasi, ndipo lango linafunguliwa. Kasha la mbao linatoka juu ya kitoroli, limefungwa kwa mikanda, karatasi imebandikwa yenye jina, namba na uzito kwa kilo. Kina mama huanza wimbo hapo hapo langoni. Miili mingine hushukia Nairobi na kuja kwa gari kupitia Namanga au Holili. Ni nafuu kwa nauli, ila inaongeza kibali cha afya cha Kenya, na mtu wa kuwasubiri mpakani aandaliwe.

Kisha linakuja suala la kuaga. Watu wanataka kuona uso, na zinki imelehemiwa. Nimeona fundi bati ameitwa nyumbani kwa haraka, mkasi unakwaruza, kingo za bati zimejikunja kama makucha, harufu ya fomalini imejaa chumba na mama wa marehemu amesimama hatua mbili nyuma. Isifanyike hivyo. Mwili upelekwe kwanza mochwari, afisa afya aulizwe kama unaweza kufunguliwa, wafungue watu wa kazi hiyo, na ndugu wawili wenye moyo mgumu watazame kabla ya wengine. Wakisema hapana, jeneza lisifunguliwe.

Na bahasha. Juu ya kasha, chini ya plastiki, huwa imebandikwa bahasha yenye karatasi zilizosafiri na mwili, na mara nyingi mna cheti halisi cha kifo. Mjane atakihitaji kwenye mirathi, benki na mafao, na kukipata kingine kutoka nje ni safari mpya ya barua na malipo. Ya kwetu ilibanduliwa langoni, ikapita mikono minne, na miezi miwili baadaye ikapatikana kwenye pikapu iliyobeba mwili, chini ya kiti cha dereva, pamoja na ratiba ya ibada.